Mlinzi asiyewajua watu

Kwenye mageti ya Mbezi Beach, ya Njiro na ya Karen kibao ni kile kile: mbwa mkali. Nyuma ya kibao hicho, mara nyingi, yupo mbwa aliyeletwa akiwa na miezi miwili, akafungiwa bandani siku ile ile, na akapewa mtu mmoja tu wa kumlisha. Mwenye nyumba hana nia mbaya. Anataka mlinzi, na kila aliyemuuliza amemwambia kwamba mbwa akishawazoea watu, hata mwizi atampokea kwa kutikisa mkia. Wapo wanaoongeza na pilipili kwenye chakula, au kumweka gizani mchana kutwa, ili awe mkali kweli kweli.

Ushauri huo ni mbaya, na madhara yake hayaishii kwa mbwa. Mbwa aliyefichwa watu akiwa mchanga hawi mlinzi. Anakuwa mwoga mwenye meno, na mwoga wa namna hiyo atamuuma mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake kabla hajamuuma mwizi yeyote.

Swali la mbwa mchanga azoeshwe nini, na lini, lilipata jibu zito katikati ya karne iliyopita mjini Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Katika Maabara ya Jackson iliyoko huko, John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kulea mbwa wa aina tano na kuandika makuzi yao hatua kwa hatua. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Jaribio linalotugusa zaidi liliripotiwa mwaka 1961 na Daniel Freedman na wenzake wawili. Walikuza watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, pamoja na mama zao, bila kukutana na binadamu. Kila kundi lilitolewa kwa wiki moja, likakaa karibu na mtu kwa muda fulani kila siku, kisha likarudishwa uwanjani. Wengine walitolewa wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 na 9. Kundi la mwisho liliachwa hivyo hivyo hadi wiki ya 14.

Wale wa wiki 3 walimwendea mtu bila kusita. Waliotolewa baadaye walianza kwa mashaka, na kadiri umri ulivyozidi, ndivyo walivyochukua muda mrefu zaidi kumsogelea. Waliofikisha wiki 14 bila kumjua binadamu walikuwa wanyama pori kabisa: walimkimbia, na juhudi za baadaye za kuwalisha kwa mkono na kuwapapasa zilibadilisha kidogo sana. Hawa hawakupigwa wala kunyimwa chakula. Mama zao walikuwa nao. Kilichokosekana ni kimoja tu, yaani kumwona mtu kwa wakati wake.

Sababu iko katika makuzi yenyewe. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio hufunguka wiki ya tatu inapokaribia, na hapo ndipo dunia inapoanza kumwingia. Kwa wiki chache udadisi wake unakuwa na nguvu kuliko hofu: akiona kitu kigeni anakiendea, anakinusa, anakitafuna. Kuanzia wiki ya tano hivi hofu ya vitu vigeni inaanza kukua, na inapofika wiki ya 12 hadi ya 14 imeshaushinda udadisi. Alichokutana nacho kabla ya hapo, kwa usalama, anakihesabu kuwa sehemu ya maisha. Asichokutana nacho anakihesabu kuwa adui mpaka kithibitike vinginevyo, na mara nyingi hakuna anayempa nafasi ya kukithibitisha.

Kati ya aina tano zilizolelewa Bar Harbor moja ilikuwa basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo anayejulikana kwa kutobweka kama wengine. Basenji wa wiki 5 walikuwa waoga kuliko wenzao wote: walipiga kelele, walikimbia, walijaribu kuuma. Lakini waliposhikwa na kuchezewa mara kwa mara, woga huo ulipungua haraka. Kwa hiyo damu ina neno lake, hilo halina ubishi. Ila anayemtetea mbwa wake kwa kusema "hii mbegu ndivyo ilivyo" ajue kwamba hata mbegu yenye woga wa kuzaliwa nao ililainika kwa malezi ya mapema.

Na hapa ndipo ninapomheshimu mbwa wa kijijini, yule tunayemwita koko kwa dharau. Anazaliwa chini ya ghala au nyuma ya jiko. Hajafumbua macho vizuri, watoto wa nyumba wameshambeba kwapani. Kuku wanamdonoa, mbuzi wanamkanyaga, bibi anamfukuza kwa ufagio na jioni anamtupia ukoko wa ugali. Wageni wanaingia na kutoka, baiskeli zinapita, msiba unajaza uwanja watu mia mbili. Akifika miezi minne hakuna sura ya binadamu inayomshangaza. Usiku atabweka akisikia hatua zisizo za kawaida, na mchana atalala kivulini huku wageni wakimruka. Amepata bure kile ambacho mbwa wa laki kadhaa nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme hajawahi kukipata. Simsifu kwa yote: minyoo, kupe na magari vinamuua mapema, na mara nyingi hana chanjo. Lakini katika jambo hili moja la kuwajua watu, nyumba ya udongo inalea vizuri kuliko jumba la ghorofa.

Tukubali basi kwamba kuna dirisha la mbwa kuizoea dunia, nalo linafunguka wiki ya tatu na kuanza kufungwa wiki ya 12. Hesabu rahisi inaonyesha kitu ambacho wanunuzi wengi hawakifikirii. Mbwa hupaswa kukaa na mama na nduguze hadi wiki ya 8. Maana yake zaidi ya nusu ya muda huo wa thamani imo mikononi mwa muuzaji. Kama muuzaji anawalea kwenye banda la nyuma, bila mtu kuingia isipokuwa wa kumwaga chakula, mnunuzi anachukua mbwa ambaye tayari ana upungufu. Kabla ya kuuliza bei au kuangalia cheti cha ukoo, mwombe muuzaji akuonyeshe mahali wanapolala na mama yao alivyo. Mama akijikunyata pembeni anapoona mtu, au watoto wakikimbilia kona, umeshapata jibu.

Wale wanaouzwa ndani ya boksi kando ya barabara za Nairobi wana tatizo la upande wa pili. Wengi wametenganishwa na mama mapema mno, wakiwa na wiki 5 au 6. Hawa, watu wanawaona tele, ila hawakumaliza shule ya ndugu zao. Katika mchezo wa kung'atana, mtoto wa mbwa akiuma sana, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Aliyeuma anajifunza kupima nguvu ya taya. Anayekosa somo hilo, ukubwani huuma bila kipimo, hata anapotania.

Sasa tufike kwenye mgongano mkubwa, ambao wafugaji makini ndio hasa unaowasumbua. Daktari wa mifugo anasema usimtoe nje mpaka amalize chanjo. Chanjo za msingi huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho haitakiwi kuwa kabla ya wiki 16. Ukilitii agizo hilo neno kwa neno, unamfungulia mlango mbwa wako wiki mbili baada ya dirisha kufungwa. Na daktari hasemi uongo. Virusi vya parvo, vilivyotambuliwa mwaka 1978 na kuenea duniani kwa muda mfupi, vinaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, na vinaweza kukaa udongoni kwa miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kuondoka. Katika miji yetu, ambako mbwa wasio na chanjo wanazunguka kila dampo, hatari hiyo ni ya kweli.

Lakini ugonjwa siyo hatari pekee iliyo mezani. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo ulio wazi: mbwa mchanga aanze kuzoeshwa kabla hajamaliza chanjo, na anaweza kuingia darasani na wenzake akiwa na wiki 7 hadi 8, mradi awe amepata angalau chanjo ya kwanza siku 7 kabla na dawa ya minyoo. Hoja yao ilikuwa nzito: kwa mbwa wa chini ya miaka mitatu, kinachowamaliza kuliko magonjwa ya kuambukiza ni matatizo ya tabia, kwa sababu mbwa asiyewezekana hutupwa au huuawa. Utafiti wa baadaye, uliochapishwa mwaka 2013 huko huko Marekani, ulifuatilia watoto wa mbwa waliochanjwa na kuhudhuria madarasa hayo, na haukukuta kwamba walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya parvo kuliko waliochanjwa na kubaki nyumbani.

Marekani siyo Manzese, najua. Msimamo ule hauwezi kuchukuliwa mzima mzima. Jambo la kuchukua ni kwamba kumtoa nje na kumwonyesha dunia ni mambo mawili tofauti. Parvo anaipata kwa kukanyaga na kulamba palipochafuka. Kuona na kusikia hakumwambukizi kitu. Mbwa wa wiki 9 anaweza kukaa mapajani mwa mtu kwenye bajaji na kuzungushwa mtaa mzima bila mguu wake kugusa chini. Anaweza kwenda kwa rafiki mwenye mbwa mkubwa, mpole, aliyechanjwa, ndani ya uwanja usioingiliwa na mbwa wa mitaani. Kisichofaa ni dampo, machinjio, mtaro, na kila mahali mbwa wengi wasiojulikana wanapojisaidia. Wageni nao wanaweza kuja kwake, wakaacha viatu nje.

Jinsi ya kufanya ni jambo la kulitazama kwa karibu, maana wengi wakishakubali hoja huikosea hapa. Chukua geti la nyumba ya kawaida Jumamosi asubuhi. Dada wa kazi amekaa kwenye kigoda ndani ya geti lililofunguliwa nusu, mbwa mdogo yuko mapajani. Anapita muuza maji na mkokoteni wa madumu. Gurudumu linaingia shimoni, madumu yanagongana kwa kishindo. Masikio ya mbwa yanalala nyuma, mwili unakakamaa, mkia unaingia tumboni. Dada hamkemei, hamsukumi mbele akasalimie. Anainuka, anarudi nyuma hatua kadhaa, anampa dagaa mmoja. Mbwa anamtazama muuza maji, anatafuna, anatazama tena. Mkia unashuka kutoka tumboni. Muuza maji, ambaye ameshaelewa kinachoendelea, anasimama na kuuliza, "Dada, na mimi nimrushie?" Anarusha dagaa bila kumkaribia. Mbwa anashuka, ananusa, anakula. Somo limekwisha, na halikuchukua hata dakika tano. Mkokoteni umeingia katika orodha ya vitu vya kawaida.

Katika tukio hilo dogo yamo karibu yote yanayohitajika. Umbali unapangwa na mbwa, siyo na mwenye mbwa. Chakula kizuri kinakuja baada ya kitu kigeni, ili kitu hicho kiwe dalili ya heri. Mbwa ana ruhusa ya kurudi nyuma. Na mtu anasoma mwili wake, kwa sababu mbwa husema mapema sana kabla ya kunguruma: analamba midomo bila chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza kichwa, weupe wa macho unaonekana. Alama ninayoiamini kuliko zote ni chakula chenyewe. Mbwa anayempenda dagaa akimkataa, amezidiwa, msogeze mbali.

Kinyume chake ni kumchukua mtoto wa mbwa na kumtupa katikati ya harusi ili "azoee". Watoto kumi wanamgombania, muziki unapasua masikio, hana pa kukimbilia. Huyo hazoeshwi. Anafundishwa kwamba watu ni balaa, na wiki hizi za mwanzo somo la hofu hukaa kwa muda mrefu. Mara chache zilizokwenda vizuri ni bora kuliko nyingi za vurugu.

Anayetaka orodha ya vitu aiandike kwa kutazama maisha ya nyumba yake: bodaboda na mwenye kofia ngumu, mwanamke wa buibui na nikabu, mzee mwenye bakora, mtu wa magongo, mwavuli unapofunguliwa, askari wa sare, watoto wanaokimbia, jenereta, mvua juu ya mabati, adhana na kengele, vigae vinavyoteleza, ngazi, kuku, paka. Asisahau mwili wa mbwa mwenyewe. Kila siku mikono ipite masikioni, mdomoni, kati ya vidole na chini ya mkia, kwa upole, ikifuatiwa na kitu kitamu. Nitaeleza baadaye kwa nini jambo hili la kushikika ninaliona kubwa kuliko yote.

Nirudi kwenye hofu ya mwenye geti: je, mbwa aliyezoea watu atalinda? Atalinda, na vizuri zaidi. Kulinda mipaka ni tabia inayokuja na utu uzima, mbwa anapokaribia mwaka mmoja au kuupita, na haifutwi na kuwajua watu. Kazi ya mlinzi ni kutofautisha. Mbwa aliyeona watu mia tofauti akiwa mchanga anajua mtu wa kawaida hutembea vipi, husimama vipi, hugonga vipi. Anayeruka ukuta saa nane usiku anamwona mara moja kuwa si wa kawaida. Asiyejua watu anabwekea kila kitu, mpaka wenye nyumba wanaacha kuamka. Ndiyo maana wanaotegemea mbwa kwa kazi ngumu hawawafichi. Clarence Pfaffenberger, aliyeshughulikia mbwa wa kuongoza vipofu huko California na kushirikiana na Scott, aligundua kwamba watoto wa mbwa waliofaulu majaribio wakiwa na wiki 12, lakini wakacheleweshwa bandani kwa wiki kadhaa kabla ya kupelekwa kwenye familia, walishindwa kazi kwa wingi kuliko wenzao. Hapa kwetu Morogoro, shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine hufuata kanuni hiyo hiyo kwa mnyama mwingine kabisa. Panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu huanza kushikwa na kubebwa na walezi wakiwa wachanga, wakionyeshwa sauti, harufu na watu, kabla ya somo lolote la kazi.

Mwambao una swali lake, na linastahili jibu la heshima. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo kufuga mbwa wa ulinzi, wa kuwinda au wa kuchunga mifugo kumeruhusiwa. Methali ya huko inaonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kumzoesha watu hakumaanishi kumpakata sebuleni. Familia inaweza kumpa uwanja wake na chombo chake, kuzungumza naye, kupita karibu yake kila siku, kumrushia chakula wageni wanapokuja, na kumfundisha tangu mwanzo asirukie nguo za mtu. Kumgusa akiwa mkavu kwa mkono mkavu hakuhamishi najisi, na kama kuna mfanyakazi asiyefungwa na hukumu hiyo, yeye ndiye amshike masikio na miguu. Mbwa aliyelelewa hivyo anajua mipaka yake kuliko aliyefungwa mnyororo.

Aliyechelewa je? Mbwa wa mwaka mmoja aliyekulia gizani anaweza kusogea mbele kidogo kidogo, kwa dagaa na subira ile ile, ila mwenye mbwa ajiandae kwa miezi na asitegemee awe kama aliyeanza mapema. Kumpiga kunamrudisha nyuma. Mbwa akishauma mtu, mwenye mbwa amwone daktari wa mifugo, na geti lifungwe vizuri.

Nimesema nitarudi kwenye kushikika. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutoka kwa mbwa. Asilimia 40 hivi ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dawa ya kuuzuia inajulikana: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, rudia, na ugonjwa hukosa njia. Pemba imeonyesha kwamba inawezekana. Ugonjwa uliporudi kisiwani mwaka 2016, kampeni za chanjo ziliukomesha tena.

Sasa simama kwenye kituo cha chanjo cha kijiji chochote Tanzania. Wengi wanaoleta mbwa ni watoto, kila mmoja na kamba ya katani. "Shikamoo daktari." "Marahaba mwanangu. Mshike hapa nyuma ya masikio, hivyo hivyo." Mbwa anatetemeka lakini anatulia, kwa kuwa mikono ile anaijua tangu alipokuwa chini ya ghala. Sindano inaingia, cheti kinaandikwa, anafuata mwingine. Wanaokosekana kwenye foleni ile ni wale wasioshikika. Mwenye mbwa anafika peke yake na kusema, "Daktari, wangu ni mkali, hakuna anayemweza." Mbwa huyo anabaki bila kinga nyuma ya geti lake, na siku mnyororo utakapokatika atakuwa hatari mara mbili.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoleta mbwa mdogo nyumbani mwaka huu wafanye mambo mawili wiki ya kwanza. Mpelekeni apate chanjo. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kwenye kampeni hata kwa watoto wa mbwa wasiofikisha miezi mitatu, msikubali kuambiwa ni mdogo mno. Na siku hiyo hiyo fungueni geti nusu, kaeni naye mlangoni mkiwa na dagaa mkononi, mwacheni awaone watu.